Dawa ya Wifi

Jumatatu, 5 Mei. Manyunyu alfajiri, jua kali kabla ya chai.

Wifi kang'ara. Siongezi chumvi. Kaingia karakana ya ushonaji uso unametameta kama sufuria iliyosuguliwa mchanga. Mafundi wote wameacha cherehani kumtazama. Mimi sikuacha. Nimejishona kidole.

Madam, mwenye karakana, katangaza kwamba Jumamosi mpiga picha anakuja. Gauni moja, mvaaji mmoja, picha ya bango la mlangoni. Bango lililopo sasa ni mimi. Miaka yote ni mimi! Leo Madam kasema atatazama kwanza "nani amependeza zaidi wiki hii". Huku anamtazama nani? Wifi!

Nimemuuliza wifi siri yake, kwa sauti ya asali. Kasema anamwona daktari wa tiba asilia, kuna dawa amepewa. Nikamwomba anionjeshe. Kanijibu, "Wifi, dawa si shati, huwezi kuazima." Karakana nzima ikacheka. Hata mkata vitambaa, ambaye hacheki.

Jumanne, 6 Mei. Mawingu.

Mpango umepatikana. Ukitaka dawa ya mtu, peleka ugonjwa wa mtu.

Nimempelekea wifi chai mezani na kumuuliza hali yake, kiungo kwa kiungo. Maskini, alifurahi nimemjali. Kasema alikuwa akichoka bure, miguu ya baridi, na akisimama ghafla anaona nyota. Nimekariri yote kama shairi la shuleni.

Mume wangu kaniuliza kwa nini nisiende na maradhi yangu mwenyewe. Si nina presha ya kupanda na vidonge vya hospitali kila asubuhi? Nimemwambia huyo ni dada yake, kwa hiyo yeye si shahidi wa haki, ale alale.

Jumatano, 7 Mei. Upepo.

Nimekwenda. Nilitarajia vibuyu na moshi. Nimekuta meza, mizani, kitanda chenye shuka safi, na leseni imetundikwa ukutani kwenye fremu. Daktari mwenyewe mama mfupi, mpole. Kanionyesha ile leseni bila kuombwa, akasema mgonjwa ana haki ya kujua anatibiwa na nani. Nikaitikia. Sikuisoma. Nilikuwa natafuta kabati la dawa.

Kisha maswali! Hospitali huulizwa unaumwa wapi, basi. Huyu kauliza ninalalaje, ninakula nini, chooni naenda lini, nina huzuni gani. Mama mzazi hajawahi kuniuliza hayo. Nimejibu yote kwa majibu ya wifi. Kwenye huzuni nilikwama, sikumuuliza wifi. Nikasema sina, ila nina ndugu mmoja wa ndoa anayeringa.

Kauliza natumia dawa gani za hospitali. Hakuna, nikasema. Kauliza tena kwa njia nyingine. Hakuna! Akaeleza kwamba mizizi na majani nayo ni dawa kamili, yanaweza kugombana na vidonge, na kwamba mtu asiache dawa ya hospitali bila daktari wake kujua. Nikasema nakubaliana naye kabisa.

Halafu akaniambia nitoe mkono anipime presha. Aibu! Ikionekana imepanda, hizo nyota zangu zitaelezwaje? Nikasema mkono wa gauni unabana. Gauni nililolishona mwenyewe!

Kasema, kwa upole uleule, kwamba bila kipimo hatoi dawa. Akaniagiza nipunguze chumvi, nitembee jioni, nilale mapema, nirudi na vidonge vyote vilivyomo nyumbani. Yaani nimetoka mikono mitupu, nimeambiwa nilale! Bila shaka wifi kamtonya asinipe.

Alhamisi, 8 Mei. Jua.

Asiyepewa hujipakulia. Wifi huweka kopo la mizizi kwenye droo ya cherehani yake, chini ya utepe wa kupimia na chaki. Alipoitwa kupima mteja, nikachota. Mizizi mikavu, ndani ina rangi ya njano, mitamu ajabu. Wifi hunywa kikombe kimoja asubuhi. Mimi nina haraka, nimechemsha birika zima.

Vidonge vya presha nimeviweka juu ya kabati. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ijumaa, 9 Mei. Joto, au ni mimi.

Kichwa kinatwanga. Uso umejaa. Nadhani mng'aro unaingia, lazima uanze kwa kusukuma. Nimekunywa birika la pili kuusaidia.

Nimeshona mguu wa suruali ya mteja ukazibika chini kama mfuko wa mchele. Wifi kanishika bega, "Wifi yangu, mbona umevimba? Umelala vizuri kweli?" Nimemwambia wivu mbaya, utamuua.

Jumamosi, 10 Mei. Sikutazama hali ya hewa.

Madam kapita akitutazama usoni, kamchagua wifi. Nikasema gauni ni kipimo changu, nikaliwahi. Zipu ikagoma. Viatu vikagoma. Nikatoka hivyo hivyo, mgongo wazi. Mpiga picha akawasha taa, na nyota nilizodanganya kuziona zikaja zote. Nikaangukia taa yake.

Wifi ndiye aliyenibeba. Kaiacha picha, kaiacha nafasi, kaninyanyua akisaidiwa na mkata vitambaa hadi kwenye teksi. Njiani kanipangusa jasho kwa ushungi wake mpya.

Hospitali presha ilimfanya muuguzi apime mara mbili. Daktari kauliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Wifi akanitazama, akanusa mdomo wangu, akasema, "Ah! Kopo langu!" Akampigia yule mama wa tiba asilia, madaktari wawili wakazungumza kwenye simu kama watu waliosoma darasa moja. Mzizi ule hupandisha presha. Wifi kapewa kwa kipimo, kwa sababu yake iko chini mno. Mimi yangu iko darini, nikaiwekea ngazi.

Picha ya bango kapigwa Madam mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei. Mvua ndogo, tulivu.

Nimeruhusiwa. Wifi kaniletea uji na vidonge vyangu, kavitoa juu ya kabati, hakusema neno. Mume kasema kwa niaba yake, maneno mengi. Nimeelewa yote: useme kweli kwa daktari yeyote, dawa zote mezani, usimeze cha mwenzio, usiache vidonge vyako. Nimeapa mbele yao. Wifi alilia. Nami nikalia kidogo.

Ila kwenye kitanda cha jirani wodini kulikuwa na mwanamke mmoja. Ngozi kama kioo! Umri wangu, anaonekana binti yangu. Muuguzi alikuwa anamletea vidonge vidogo vya manjano, yeye peke yake wodi nzima. Nilimuuliza hali yake kwa sauti ya asali. Goti la kushoto, kasema, hasa akishuka ngazi.

Jioni nimejaribu kuchechemea sebuleni. Mume kauliza nina nini. Nikasema goti, hasa nikishuka ngazi. Kasema nyumba yetu haina ngazi.

Kesho nitachechemea vizuri zaidi. Nalala saa tatu kasorobo, mapema, kama daktari alivyoagiza.