Kiti cha Kuzunguka Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 9 Juni

Kosa la watu wengi wenye boti kuukuu ya alumini ni kutafuta matundu kwa macho. Wanalala chali chini yake, wanakodoa, wanapaka gundi kila penye doa. Kisha wanaingia ziwani na kushangaa soksi zikilowa. Ribiti iliyolegea, ule msumari unaoshikanisha mabati yake, haionekani. Njia sahihi: iweke boti juu ya magogo, nchi kavu, uijaze maji, ungoje. Pale maji yanapotokea ndipo yangeingilia. Fizikia tupu. Nimeifundisha hadi nikastaafu, na leo, kwa mara ya kwanza, nimeitumia.

Nikavuta mpira wa maji kutoka bomba la jikoni. Mke wangu akauliza vyombo ataviosha kwa maji gani. Nikamwambia avumilie kidogo, ni sayansi. Matone yakaanza: moja karibu na pua ya boti, mengine ubavuni. Nikayatia alama kwa chaki. Raha isiyo kifani!

Kisha gogo la nyuma likateleza. Sikuwa nimekadiria uzito wa maji. Ujazo wa mita moja mchemraba ni tani nzima. Nililiuliza swali hilo katika kila mtihani. Maji yote yakapita chini ya uzio na kuingia kwa jirani.

Jirani tunamwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake. Ana boti nyeupe ya faibaglasi ambayo huiosha zaidi ya anavyoipanda. Akatokea ameshika viatu mkononi. Akasema yeye hasemi kitu. Kila mara hasemi kitu! Anauliza tu, akasema, kama hiyo sufuria yangu imeshachemka.

Kufikia jioni hata mke wangu anaiita Sufuria. Sawa. Mtu mzima hababaishwi na jina.

Niandike sababu, nisije nikajisahau. Jumapili binti wa kaka yangu anakuja kumchukua baba yake akaishi kwake, katika mji usio na maji mengine isipokuwa ya bombani. Kaka ndiye aliyenitia fimbo ya kuvulia mkononi nikiwa sijui hata kufunga viatu. Nyonga yake imeharibika, anatembea na mkongojo, na hajakaa katika boti tangu zamani. Kapteni aliwahi kumkaribisha katika yake, wanaume wawili wakajitolea kumbeba. Kaka akakataa. Alisema hatabebwa kama kabati. Na yeye haombi kitu mara mbili. Wala mara moja.

Basi mpango wangu: sakafu tambarare, kiti kizuri cha kuzunguka, na kaka avue samaki Jumamosi. Ni hilo tu. Nashukuru gogo halikuniangukia mguuni.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja na mtambo wake. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na hana upungufu wa kujisifu. Alisema amechomelea matangi, amechomelea basi, amechomelea kitanda cha hospitali mgonjwa akiwa juu yake. Alumini ni kitu gani?

Nikamweleza kwa utaratibu. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kinakupa onyo. Alumini haibadiliki rangi. Iko pale, ghafla haipo. Akanisikiliza vizuri sana, akavaa miwani, akasema, “Shemeji, wewe fundisha, mimi nichome.”

Akachoma. Tundu la ncha ya sindano likawa tundu la ngumi. Tukachungulia wote wawili, tukaona majani upande wa pili. Shemeji akasema angalau sasa tunajua kwa hakika panapovuja.

Kiraka! Lakini cha nini? Hapa ndipo elimu inapotofautisha watu. Shaba ikigusa alumini ndani ya maji, alumini huliwa polepole kama sabuni. Lazima kiraka kiwe cha alumini vilevile. Nikatafuta nyumba nzima. Nikakuta mfuniko wa sufuria kubwa, ile ya wageni. Hatujapata wageni wa kiasi kile siku nyingi. Nikaukata, tukaugonga ribiti kuuzunguka, tukapaka gundi ya silikoni. Umekaa kama ulizaliwa pale.

Nikamwonyesha shemeji wazo langu kubwa: kukata mlango ubavuni mwa boti ili kaka aingie kwa heshima, kama mtu anayeingia sebuleni. Shemeji akauliza maji nayo yataingilia wapi. Nikasema huo ni mlango wa watu. Akacheka hadi akakaa chini. Nimeuahirisha mlango.

Namshukuru shemeji hata hivyo. Alikula na kuondoka bila kuchoma kitu kingine.

Jumatano, 11 Juni

Sakafu ya plaiwudi imeingia. Imenyooka. Niliweka gololi juu yake na haikwenda popote!

Jambo moja la kueleza. Nyuma ya boti, chini kabisa, kuna tundu dogo la kukusudia. Boti ikiwa nchi kavu, maji ya mvua hutokea hapo. Ikienda ziwani, tundu huzibwa kwa kizibo cha mpira. Watu wazembe hupoteza vizibo vyao kwa sababu hawana mahali maalumu pa kuviweka. Mimi ninapo: mfuko wa shati langu la kazi, wenye kifungo. Nimekitia, nimefunga kifungo, nimekigusa mara mbili.

Sasa kiti. Katika nyumba hii kiti cha kuzunguka ni kimoja tu, nacho kiko mbele ya cherehani ya mke wangu. Kuomba moja kwa moja ni kukaribisha mjadala. Nikaingia kwa akili. Nilimwambia kiti chake kinalia, na kiti kinacholia huumiza mgongo, afadhali nikipeleke kwa fundi. Akasema hakilii. Akasimama kukihakikisha. Hakilii.

Alipokwenda dukani nikakifuta grisi yote kwa kitambaa. Akarudi, akakaa, kikapiga kelele kama mlango wa ghala. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akainuka, akaleta mafuta ya kupikia, akakidondoshea, akakaa. Kimya kabisa. Akaniuliza kama kuna kingine kinacholia.

Nimeshindwa. Nashukuru hakuuliza kitambaa changu kilikuwa cheusi kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni

Mfuniko umejulikana.

Mke wangu alitaka kupika chakula cha Jumamosi, kwa sababu kaka atakula nasi. Akatoa sufuria kubwa. Akatafuta mfuniko. Akaniangalia. Nikaanza kumweleza habari za shaba na alumini. Hakungoja nimalize. Alitoka nje, akainama ubavuni mwa boti, na kukiangalia kiraka. Kishikio cha mfuniko kilikuwa bado kimesimama. Sikuona sababu ya kukiondoa.

Akauliza na kiti nilikuwa nakitakia nini. Nikasema ni cha kaka. Yeye hawezi kukaa kwenye ubao mgumu, hawezi kujigeuza, na Jumapili anaondoka, na nilitaka ashike fimbo yake mara moja tena kabla hajaondoka. Ikatoka yote kwa pamoja, bila mpangilio, kama mwanafunzi aliyeulizwa asichosoma.

Alikifuta kile kishikio kwa khanga yake. Kisha akasema kaka ndiye aliyeibeba cherehani ile begani, siku yeye alipoolewa akahamia kwangu, enzi za ghorofa ya tatu, na ngazi zote hakuitua. Akasema kama ningesema ni cha kaka, ningekipata siku ya kwanza, na yeye angebaki na mafuta yake ya kupikia. Mwanamume mzima, eti kufuta grisi!

Alikifungua kiti mwenyewe, bolti kwa bolti. Jioni ameushonea mto wake kitambaa cha koti la mvua, na pindo juu yake. Nimekaa sebuleni nikisikiliza cherehani, naye ameikalia ndoo. Sina la kuandika zaidi ya kwamba nimeoa vizuri.

Kuhusu mfuniko hajasema. Litakuja.

Ijumaa, 13 Juni

Kiti kimefungwa katikati ya boti. Nimekikalia hapahapa uani, nikazunguka, nikarusha kamba ya kuvulia juu ya uzio. Ikanasa kofia ya Kapteni. Haikuwa kusudi. Haikuwa kusudi kabisa.

Kapteni akairudisha ndoano, akasema yeye hasemi kitu, ila tangu azaliwe hajaona sufuria yenye saluni ndani yake. Kisha akasema anayo trela, na kesho ataivuta boti yangu hadi ziwani, bure.

Nikakataa kwa adabu. Nia yake naijua: anataka kuwa mbele mambo yakiharibika. Nikaenda kumtafuta mtu wa mkokoteni. Akaja, akaizunguka boti, akauliza kama kiti nacho kinakwenda, akaondoka. Nimekubali trela. Nimemwambia Kapteni namfanyia hisani. Akasema asante.

Mke wangu amesema siwezi kwenda mbele za watu na shati lenye silikoni. Ameliloweka. Kesho nitavaa lile jeupe la kuagwa kazini.

Kila kitu kiko tayari. Nimehakiki ribiti, sakafu, bolti, makasia, mto. Nashukuru kwamba maisha yamenijalia kichwa kisichosahau.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kwa mpangilio, ingawa bado nacheka.

Tulifika kwenye gati la mbao, lile la chini. Boti ikashushwa. Ikaelea! Shemeji akaonyesha kiraka kwa kila aliyepita: hakuna hata tone! Kaka akaja polepole na mkongojo wake, amevaa kofia yake ya zamani, na fimbo ya kuvulia kwapani. Hakuwa ameambiwa kitu ila aje na fimbo yake. Alikiona kiti. Alikitazama muda mrefu, akauliza nani ameutia mto pindo.

Tukamsogeza ukingoni. Akanyoosha mguu mzuri, akagusa sakafu. Boti ikayumba, ikajitenga na gati. Akaurudisha mguu. Nikaishika kamba, shemeji akashika pua. Akajaribu tena. Ikayumba tena. Kapteni akasema tumnyanyue tu. Kaka akasema hapana. Akasema ameiona, ni nzuri sana, ahsante bwana mdogo, inatosha. Akakaa kwenye mbao za gati na kuangalia pembeni.

Sikujua la kufanya. Nisipojua la kufanya huwa naeleza. Nikaeleza kwa nini boti huyumba, kitovu cha uzito kiko wapi, na kwa nini kitu huelea. Nilikuwa nimefika mahali pazuri kaka aliponikatiza. Aliuliza, taratibu, kama boti inatakiwa kushuka wakati mimi naeleza.

Ilikuwa inashuka. Nyuma kwanza, bila haraka. Nikapeleka mkono mfukoni. Shati jeupe! Mke wangu akaniangalia, nikamwangalia, sote tukaliona lile beseni nyumbani na shati la kazi ndani yake, kifungo kimefungwa.

Shemeji akapiga kelele kwamba si kiraka! Watu wote washuhudie si kiraka! Kapteni akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kweli hakusema kitu.

Pale gatini maji hayana kina. Boti ikagusa mchanga na kutulia. Kingo zake zikawa sawa na uso wa ziwa, na kiti kikabaki juu, mto mkavu, usawa uleule wa mbao za gati. Kaka akaisukuma boti kwa mkongojo. Haikwenda popote. Akaisukuma tena kwa nguvu. Kimya, kama sakafu ya nyumba.

“Sasa imetulia,” alisema.

Akajisogeza ukingoni kwa makalio, akashika mgongo wa kiti, akahamia. Mwenyewe! Hakuna aliyemgusa. Miguu ndani ya maji hadi chini ya magoti, viatu na vyote. Akazunguka kushoto. Akazunguka kulia. Akaomba fimbo yake.

Alivua hadi jua likainama. Kasamaki kadogo kakaogelea juu ya ukingo, kakazunguka ndani ya boti, kaka akakageukia na kiti chake, akasema huyu amekuja mwenyewe, hana haja ya ndoano. Akacheka hadi kofia ikadondoka. Shemeji alikaa kwenye pua, maji kiunoni, akielezea habari za basi. Mke wangu alipitisha chai. Kapteni akavua viatu, akaitumbukiza miguu ndani ya boti yangu, akasema ndani ya boti yake hajawahi kucheka mtu.

Nikamwambia anakaribishwa wakati wowote.

Jumapili, 15 Juni

Binti wa kaka amekuja na gari asubuhi. Kaka amekaa mbele, mkongojo katikati ya magoti, viatu vyake vilivyolowa ndani ya mfuko wa plastiki. Alishusha kioo akanishika mkono. Akasema amekaa katika boti nyingi, lakini hiyo ndiyo ya kwanza iliyomngoja. Akasema atarudi likizo. Akaniomba kitu kimoja, yeye asiyeomba: nisiitengeneze sana.

Gari likapiga kona. Tulisimama getini, mke wangu na mimi, na Kapteni upande wake wa uzio, kofia mkononi.

Jumatatu, 16 Juni

Kosa la watu wengi ni kudhani boti lazima ielee. Nimelitafakari usiku kucha. Jumamosi haikuwa ajali, ilikuwa jaribio, na jaribio likifanikiwa hurudiwa kwa ukubwa zaidi. Kaka akirudi likizo atakuta mlango ubavuni, chini ya usawa wa maji, ili boti izame kwa utaratibu na kwa wakati unaotakiwa. Nimeuchora kwa chaki. Shemeji yuko njiani na mtambo wake. Amesema safari hii hacheki.

Kiti kimerudi kwenye cherehani. Sasa kinalia kweli. Mke wangu ameniomba mfuniko wake, nikamwambia bado una kazi, tena mlango utahitaji bawaba za kabati lake, na ametoka jikoni bila kunijibu. Nadhani amekubali. Nawashukuru wote.

Kizibo kimepatikana, kisafi, chanukia sabuni. Ili kisipotee tena nimekiweka mahali salama zaidi: mfuko wa koti langu la baridi, ambalo mke wangu alilitoa kwenye kabati jana kwa shughuli ambayo sikuiuliza.

Yeyote mwenye boti, na akayasoma haya, afanye jambo moja leo, kabla ya chai: akague kizibo chake kwa mkono wake mwenyewe.