Ua la Mchangani na Mfereji wa Kuze

Kwa furaha kubwa, Serikali yawatangazia wakazi wa Kisiwa cha Mombasa kwamba, kuanzia mwaka huu wa 1947, ua la mwituni litaoteshwa rasmi.

Mimi Seth, karani wa Kamati ya Ua, ndiye niliyeandika tangazo hilo. Ua lenyewe ni lile la zambarau linalotambaa mchangani karibu na pwani, ambalo miaka yote limekuwa likiota bila kibali. Mwenyekiti wetu, Bwana Hallam, aliagiza linyweshwe maji asubuhi na jioni. Maji yalikuwa ya mgao, basi tukaufunga mfereji wa maji wa mtaa wa Kuze ili ua lipate.

Bi Mwanakuu wa Kuze alikuja ofisini na ndoo tupu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, ua hilo nalijua tangu ni mtoto," alisema. "Ni nani alokuwa akilinywesha?"

Nilimweleza kwa upole kwamba swali hilo halimo katika ajenda.

Mwezi haukuisha, ua lote likaoza. Kamati ilikutana, ikanywa chai, ikagundua kitaalamu kwamba ua lachukia maji. Bwana Hallam si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Alitia sahihi amri mpya: popote liotapo ua hili, mfereji wa hapo ufungwe, na maji yake yapewe mtaa usio na ua. Kuling'oa ni kifungo.

Kuze wakadai maji papo hapo. Niliwajibu kwamba bado hatujapata mahali penye ua na mfereji pamoja, tuufunge wapewe wao.

Juma lililofuata Bi Mwanakuu alimpelekea Bwana Hallam zawadi: kikapu cha mashina ya ua lile, na sifa tele. Bwana alifurahi mno. Aliyapanda kwa mkono wake kwenye mchanga mbele ya baraza ya nyumba yake, akapigwa picha. Hakuyanywesha. Yalishika vizuri ajabu.

Mimi ni mtumishi mwaminifu. Nilikwenda nikaufunga mfereji wake, nikaufungua wa Kuze. Alifoka sana, na kusema kweli nilifurahi. Nilimkumbusha kuwa amri hubadilishwa na kikao tu, na wajumbe walikuwa wamekataa kukaa bila chai, ambayo maji yake yalitoka mfereji ule ule.

Kesho yake Bwana Hallam alikuwa kwenye foleni ya Kuze, debe mkononi, nyuma ya Bi Mwanakuu. Aliuliza kama angeweza kupishwa mbele.

Bi Mwanakuu alimjibu kwa adabu kwamba swali hilo halimo katika ajenda.