Kapteni Soledad Hajaua Mtu

Jumatatu, 5 Oktoba

Sikubali. Naandika mara ya pili ili hata kalamu isikie: sikubali!

Jana jioni, kwenye kipindi chetu cha televisheni, Safina ya Zohali, Kapteni Soledad alifunga mlango wa chuma wa safina yake akawaacha abiria wa sitaha ya chini nje. Nje angani! Pasipo hewa! Dokta Imo akiwa miongoni mwao, Dokta Imo mpole, ambaye hata sindano alikuwa akiiomba radhi kabla ya kumchoma nayo mtu. Kisha Kapteni akaketi, akanywa chai. Chai!

Miaka saba tumempenda. Picha yake iko ukutani mwangu, hapa kwenye mgahawa wangu wa bachoi, supu yetu ya tambi, katika soko la La Paz, kando ya sanamu ya Mtoto Yesu, Santo Niño. Nilitaka iwe juu zaidi, mke wangu Glecy akakataa. Mwaka wa mafuriko, maji yalipoingia sokoni, nilikumbuka maneno ya Kapteni: hakuna anayeachwa nje ya mlango. Nikafungua mgahawa. Tukalisha mtaa mzima supu na wali mpaka sufuria zikatoboka. Mimi huyu, Mones Palmares, ambaye kabla ya hapo sikuwahi kumpa jirani hata kitunguu! Halafu mtu wa namna hiyo aje aharibiwe na mwandishi fulani wa Manila, amekaa kwenye kiyoyozi?

Nimetangaza amri: ndani ya mgahawa huu kipindi cha jana hakikutokea. Dereva mmoja wa traisikeli akasema, mdomo umejaa tambi, kwamba Kapteni siku hizi ni muuaji. Nikamwondolea bakuli. Akalifuata na kijiko chake hadi jikoni.

Jumanne, 6 Oktoba

Mkutano wa dharura wa Chama cha Wapenzi wa Safina. Mimi ni mwenyekiti. Makamu wangu, kwa bahati mbaya, ni Tersing, muuza samaki wakavu wa kibanda cha mbele yangu. Mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule.

Nilipendekeza tuzime televisheni zetu zote Jumapili ijayo. Tersing akasimama akasema eti kipindi cha juzi ndicho bora kuliko vyote. Eti alilia hadi mto ukalowa. “Nong Mones,” akasema, eti ananiita kaka kwa heshima, “mtu mwema akifika mwisho wa akili yake anafanya nini? Mimi nimengoja miaka kukiona hicho.” Nikamwambia akakingojee motoni. Nikamtoa nje, yeye na wote wanaomuunga mkono.

Wakatoka wengi kuliko nilivyotarajia. Wakaenda na biskuti zangu.

Waliobaki walikula kiapo cha kuzima televisheni. Nikatia komeo mlangoni. Glecy akalitazama komeo, akanitazama na mimi.

“Kapteni kawafungia watu nje,” akasema. “Na wewe umewafungia watu nje. Mnafanana kama mapacha.”

Nikamwambia asichanganye mambo. Nje ya mlango wangu kuna hewa.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa namenya vitunguu saumu, likanijia lote kwa mpigo. Aliyefunga mlango si Kapteni Soledad! Ni adui aliyevaa sura yake! Na kama sura yake imevaliwa, basi mwenyewe ameshauawa, kimyakimya, kati ya kipindi na kipindi. Na hakuna aliyemlilia!

Kwa hiyo: matanga. Ya kweli, yenye jeneza, maua, kahawa na karata. Picha zitasambaa. Waandishi wa Manila watainamisha vichwa na kuandika upya.

Nimeenda kwa shemeji Pasyo, mwenye duka la mazishi. Amenipa jeneza la maonyesho, jeupe, lililochubuka ubavuni. Glecy akasema jeneza tupu huita mtu. Nikamjibu halitakuwa tupu, nikabandua picha ya Kapteni ukutani na kuilaza ndani, kofia yake ya angani ikitazama juu. Juu ya kifuniko nimeweka kifaranga, kama afanyiwavyo mtu aliyeuawa, ili kidonoe dhamiri ya muuaji. Muuaji ni mwandishi.

Kisha nikaandika ubao kwa herufi kubwa na kuusimamisha kwenye lango la soko: KAPTENI WETU HATUNAYE TENA. MATANGA ALHAMISI KWA MONES. KAHAWA IPO.

Ubao mzuri. Mfupi, unaochoma moyo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Umati! Sikuwahi kujua Safina ina wapenzi wengi hivi. Walikuja mafundi viatu, wachinjaji, akina mama wa kikundi cha rozari. Maua yalijaa hadi kwenye sinki. Bibi mmoja wa mtaa wa juu alililia jeneza kwa namna iliyonitoa machozi hata mimi. Akaniuliza Kapteni kafa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia si ugonjwa, amesalitiwa na watu wake mwenyewe. Akajipiga kifua. “Nilijua mie! Ni yule naibu wake!”

Nikajiuliza ni naibu yupi, maana safinani wako wawili.

Mara akaingia Bwana Saldivar, kavaa shati jeupe la darizi kama bwana harusi. Akasimama mbele ya jeneza, akaomba utulivu, akahutubia. Marehemu alikuwa nguzo, akasema. Pengo lake halizibiki, lakini yeye yuko tayari kulijaribu. Nikamshika mkono, nimeguswa sana, mpaka aliposema kwamba kazi ya mitaro itakamilika kabla ya uchaguzi.

Safina haina mitaro.

Ndipo nikamwachia mkono. Saldivar ni naibu wa mkuu wa mtaa wetu. Na mkuu wetu, Bwana Uldarico, ambaye alikuwa amekwenda kwa dada yake kisiwani Guimaras na anarudi leo kwa feri, mtaa mzima unamwitaje? Kapteni.

Sijawahi kuomba feri ichelewe kama nilivyoomba leo. Haikuchelewa. Kap Uldarico akaingia mlangoni, kavaa ndala, kabeba mfuko wa maembe. Bibi wa mtaa wa juu akapiga ukelele akaanguka juu ya kikundi cha rozari. Kifaranga kikaruka kikatua kwenye kahawa.

Kap akatazama maua. Akatazama jeneza. Akamtazama naibu wake na shati lake la darizi.

“Nani kafa?” akauliza.

Watu wote wakamwangalia Saldivar.

“Wewe, Kap,” akajibu Saldivar, kwa heshima.

Kap akaenda mwenyewe kufunua jeneza. Akamkuta mwanamke mwenye kofia ya angani. Akafunika taratibu, kama mtu aliyefungua choo kikiwa na mtu. Baada ya hapo sikumbuki mengi, isipokuwa kwamba watu walirudi kuchukua maua yao, na wacheza karata hawakuinuka.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeitwa ofisi ya mtaa. Ajabu, Kap hakuwa na hasira na matanga yenyewe. Alitaka kujua nani alilia, nani alikuja kunywa kahawa tu, na Saldivar alianza kushona lile shati lini.

Lakini adhabu lazima. Nimeambiwa niombe radhi kwa kipaza sauti, mbele ya watu, na nimalizie kwa kukiri kwamba Kapteni Soledad ni mtu wa kubuni, hayupo, na hajawahi kuwapo.

Radhi niliomba, tena vizuri. Nilipofika sehemu ya pili nikaishia hapo. Nikasimama pale, kipaza sauti kinavuma, soko zima linanitazama.

“Sema basi, Nong, twende tukale,” Kap akaninong'oneza.

“Kap,” nikasema, nikasahau kipaza sauti kiko wazi, “mwaka wa mafuriko ulikuwa wapi?”

Kila mtu anajua. Alikuwa Guimaras.

“Yeye alikuwapo,” nikasema.

Mtu mmoja akapiga makofi, peke yake, nyuma kabisa. Nikageuka kumtafuta nimshukuru. Alikuwa Tersing! Nikajifanya sikuona.

Nimepewa ufagio. Nitafagia uwanja wa ofisi ya mtaa hadi Krismasi. Nitafagia kichwa kikiwa juu!

Jumapili, 11 Oktoba

Siku ya kuzima televisheni. Nilifunga mgahawa mapema, nikakaa peke yangu, mikono juu ya magoti, nikiwangoja wenzangu waje tususie pamoja.

Hakuja hata mmoja. Nikamwita Glecy tususie wawili. Hakuwapo. Televisheni pia haikuwapo! Alikuwa ameibeba kwenda kibandani kwa Tersing, maana ni yake, alitumiwa na dada yake aliyeko Dubai, na kiapo, kasema, nilikula mimi na si televisheni. Chama kizima kilikuwa kule, walioapa na wasioapa, wamejipanga kati ya matenga ya samaki.

Nilivumilia muziki wa mwanzo. Nikavumilia matangazo. Kisha nikasikia watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja, na miguu yangu ikavuka njia bila kuniuliza. Nikasimama nyuma ya samaki walioning'inizwa. Tersing hakugeuka. Alisukuma kigoda kwa mguu wake hadi kikanigusa.

“Kaa, Nong. Unatuzibia upepo.”

Nikakaa. Hakuna adui aliyevaa sura ya mtu. Ni yeye mwenyewe. Kapteni aliingia chumbani kwa Dokta Imo, akavaa koti lake jeupe, mikono ya koti ikimpita vidole, akajikunyata juu ya kitanda chake. Sijawahi kumpenda hivi, na sijawahi kumkasirikia hivi. Tersing akanipa ncha ya aproni yake. Nikamwambia ni chumvi ya samaki. Akasema ndiyo, leo samaki ni wakali.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeelimika. Naandika kwa akili timamu: sitampenda tena mtu wa kwenye televisheni kwa upofu. Binadamu ni binadamu, hata akiwa Zohali.

Isipokuwa Kulas. Huyu ni mpishi mpya wa safina, kaingia jana mwishoni mwa kipindi, kawapa watoto supu huku akiimba. Mpishi! Uso mnyoofu kama sahani! Mtu wa hivyo hawezi kumdhuru hata nzi. Asubuhi nimeagiza picha yake, kubwa kuliko ile ya Kapteni. Bachoi yenye mayai mawili sasa inaitwa Bachoi ya Kulas. Nimemwarifu Tersing rasmi kwamba atakayemsema Kulas vibaya hatakanyaga mgahawani kwangu.

Tersing kacheka mpaka kaangusha mizani. Glecy anasema ningoje kwanza, maana katika vidokezo vya kipindi cha wiki ijayo Kulas anaonekana nje ya chumba cha Kapteni, anatabasamu, ananoa kisu.

Bila shaka ndani kuna mkate.