Jinsi Nilivyoisogeza Pasaka

Jumapili, 22 Machi 2026

Vita imetangazwa. Mama mkwe kapiga simu kutoka Mahurunga. Anataka mtoto abatizwe Fernando, jina la marehemu mumewe. Fernando! Mzee yule alinitazama siku ya mahari, mbele za watu, akasema kijana huyu ana moshi mwingi lakini moto hamna. Leo nimwite mwanangu kwa jina lake kila asubuhi? Haiwezekani. Mtoto ataitwa Nelio, jina la baba yake, yaani mimi. Jina fupi, zuri, halina doa. Doa kubwa halina.

Nimemwomba Claudia aamue. Kasema hakai katikati ya mumewe na mama yake. Ubatizo ni Jumapili ya Pasaka, misa ya pili. Padri akiuliza jina, atakayekuwa amesimama pale mbele atajibu. Akaendelea kunyonyesha.

Kwa hiyo mama mkwe asiwepo. Rahisi sana kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Semina ya wazazi wa ubatizo. Nilikwenda shingo upande, nimeacha simu za wateja nilizofungua kuzitengeneza mezani dukani. Mungu mkubwa! Mzazi mmoja kauliza kwa nini Pasaka mwaka jana ilikuwa tarehe ishirini Aprili na mwaka huu ni tarehe tano. Katekista Raheli akaeleza. Kwanza inafika tarehe ishirini na moja Machi, wakati mchana na usiku vinakaribia kulingana. Unatafutwa mwezi mpevu wa kwanza kuanzia hapo. Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Na kama mwezi unapevuka Jumapili yenyewe, Pasaka inasogea hadi Jumapili ya mbele.

Inasogea!

Sikusikia kingine. Sikukuu inayosogea inaweza kusogezwa.

Jumatano, 25 Machi

Nimepiga simu Mahurunga. Nimetoa shikamoo mbili. Nimemweleza mama mkwe kwamba mwaka huu mwezi utapevuka Jumapili ya tarehe tano, kwa hiyo Pasaka imesukumwa hadi tarehe kumi na mbili. Nimetaja mchana na usiku kulingana. Nimekuwa kama profesa. Nilisikia mbuzi analia upande wake. Mwishowe akasema, "Haya baba."

Haya baba! Kumbe ni rahisi hivi.

Jumapili, 29 Machi

Matawi! Nilisahau Matawi!

Nimesimama kanisani na tawi la mnazi mkononi, jasho linanitiririka. Kama sisi tumebeba, na wao kule kigangoni wamebeba. Mtu akibeba matawi leo anajua Pasaka ni Jumapili ijayo, hata awe mtoto.

Simu imeita saa nane. Yeye. Kaniambia, bila haraka, kwamba leo wamezunguka kanisa na matawi na kwamba katekista wao kaimba vizuri. Nikajikuta nasema vigango vya mbali hutanguliziwa Matawi wiki moja, ili padri asielemewe. Sijui niliitoa wapi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Claudia alikuwa anakunja nepi hapo pembeni. Kauliza nani huyo. Nikasema mteja.

Alhamisi, 2 Aprili

Adui mpya: mwezi.

Siku tatu naomba mawingu. Masika yote haya, mvua kila siku, lakini leo jioni anga la mtaa wetu wa Rahaleo limefunguka na mwezi umetoka mzima, duara, kama sinia la pilau. Nimemwambia mama mkwe utapevuka Jumapili. Leo Alhamisi! Na macho anayo, anaona muhogo ulioibwa kwa kuhesabu majani.

Nimemuuliza jirani yangu Zuberi, mwenye bodaboda, kama kwake unaonekana umejaa au umebakiza. Kakasirika. Kasema wiki mbili zilizopita kagombana na shemeji yake kuhusu mwezi wa Idi, hawajasemeshana mpaka leo, na mimi Mkristo nisimletee mwezi mwingine.

Napiga Mahurunga. Haipatikani. Napiga tena. Haipatikani.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Haipatikani tangu asubuhi. Kila pikipiki ikipita mlangoni nachungulia. Kwenye Njia ya Msalaba nilikuwa nageuka nyuma kila kituo, mpaka Raheli akaniuliza kama nimefiwa.

Claudia yu mtulivu mno. Anaimba. Kasema kama nina wasiwasi na mama yake, si niende kesho nikamwone? Nikajifanya nafikiri. Kumbe ndiyo dawa! Nikiwa kule nitamshikilia hadi jioni kwa maneno, nirudi peke yangu, asubuhi nisimame mbele ya padri. Mke wangu kanipa silaha bila kujua.

Jumamosi, 4 Aprili

Naandikia barazani kwa watu, Mahurunga.

Zuberi kanileta, tumeanguka mara moja tu. Nyumba ya mama mkwe imefungwa kwa kufuli. Banda la mbuzi tupu. Jirani yake, Bi Mwanaidi, alikuwa anapeta mpunga. Nikamwamkia, nikamuuliza.

"Olinda? Mbona yuko mjini tangu Jumatano. Kafikia kwa ndugu yake, Chikongola. Kaondoka na mbuzi na kitenge kipya. Kamfuata mjukuu."

Nikasema nilimwambia tarehe kumi na mbili. Bi Mwanaidi akacheka hadi ungo ukamponyoka. Kasema Claudia na mama yake huongea kwa simu kila asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa, na hiyo habari ya mwezi kusukuma Pasaka kijiji kizima kimeisikia.

Kila asubuhi! Nimeishi na mwanamke huyu miaka mitatu.

Tukageuza pikipiki papo hapo. Mvua ikatuwahi. Kijito tulichokivuka asubuhi kwa mguu sasa kimefunika barabara, maji mekundu, magogo yanapita. Nikamwambia Zuberi tupite. Kasema pikipiki ni yake na roho ni yake. Nikaingia mwenyewe hadi kiunoni. Nikatoka. Kiatu kimoja kimeenda mto Ruvuma.

Tumerudi kwa Bi Mwanaidi. Katupa uji. Misa ya pili inaanza saa tatu.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Maji yalipungua kulipopambazuka. Tulisukuma, tulipanda, tukasukuma tena. Nilikuwa nasema moyoni jina moja tu, Nelio, Nelio, nisije nikalisahau kwa kuchanganyikiwa.

Nafika mlangoni mwa kanisa, nawaona mbele kabisa. Claudia, mtoto amevaa nyeupe, mama mkwe ndani ya kitenge kipya. Padri anainama anauliza, "Mmempa mtoto huyu jina gani?"

"Nelio!" nikapiga kelele.

Kanisa zima likageuka. Nina kiatu kimoja, matope hadi kifuani. Padri akanitazama kwa huruma, akasema, "Karibu, Nelio, tafuta nafasi ukae." Mzee wa kanisa akanishika mkono, akanikalisha benchi la nyuma.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu, bila kupandisha: "Fernando."

Nyumbani mbuzi alikuwa ameshapikwa. Nilikaa mlangoni nikitegemea kusimangwa. Mama mkwe hakunisimanga. Kaniletea maji ya kunawa, kisha kaniwekea maini, yote, kwenye sahani yangu. Kasema, "Kula baba, umetoka mbali."

Baadaye nilibaki na mtoto peke yetu. Nikamwita Fernando, mara moja tu, kwa majaribio. Kacheka. Msaliti.

Jumatano, 8 Aprili

Mama mkwe katangaza kwamba hatoki hapa mpaka Pentekoste, amsaidie Claudia kulea. Pentekoste! Kachukua kiti changu. Redio yangu kaihamishia jikoni. Zuberi akija anakaa naye, si mimi, wanacheka.

Nimekwenda kwa Raheli, nikauliza kama mtu asiye na haja. Kasema Pentekoste haina tarehe yake, inaifuata Pasaka kwa wiki saba. Pasaka ikihama, nayo inahama.

Inahama!

Nimerudi mbio. Nimemwambia mama mkwe kwamba mwaka huu, kwa sababu ya mvua nyingi, Pentekoste imevutwa karibu, ni tarehe kumi na tisa mwezi huuhuu. Safari hii nimesema polepole, bila mchana wala usiku. Kaitikia vizuri sana. Nadhani ameamini.

Sasa hivi yuko nyuma ya jiko na jembe langu. Anapanda muhogo, mistari minne. Maskini. Siku zenyewe zimebaki chache hivyo, sijui atauvuna lini.