Kuvukwa kwa Uzio wa Magotini

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliye na haraka aende zake sasa, kwani habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja nje! Nitawaeleza habari za uzio wa mbao usiopita magoti ya mtu mzima, ambao kwa miaka kumi na minane ulimzuia shujaa aliyeua majoka. Na nitawaeleza habari za shemeji yangu, fundi wa viti, bwana wa sindano iliyopinda na nyundo ya misumari midogo, aliyeapa kuuvuka au kustaafu. Mimi nilikuwapo. Nilikaa sakafuni, maana katika nyumba ya fundi wa viti hakuna kiti kilichokwisha kutengenezwa.

Katika ujana wake fundi alikutana na gemu iitwayo Ngome ya Moshi, toleo la kwanza. Ndani yake mna shujaa mmoja aitwaye Mlinzi, abomoaye malango ya chuma, aliyelipiga jitu lenye vichwa vitatu likalala chali. Lakini nje ya kijiji cha kwanza pana uzio, na nyuma ya uzio pana nyasi, na Mlinzi hawezi kuzifikia, kwa kuwa waliomuumba hawakumjalia kuruka. Akifika hapo hutembea palepale, miguu ikienda na mwili usiende, mpaka mchezaji aone haya amgeuze.

Fundi alisema toleo la pili watarekebisha. Wapi! La tatu likaja na farasi wenye kope. La nne likaja na aina arobaini za ndevu, la tano na mvua ya kulowanisha nguo, la sita na uvuvi, la saba na duka zima la kofia. Na uzio ulikuwapo katika kila toleo, umepakwa rangi upya, kana kwamba kuna mtu aliyeajiriwa kuutunza. Fundi aliwaandikia watengenezaji barua tatu. Walimjibu mara moja tu: "Tunathamini maoni yako."

Dada yangu, mke wa fundi, ni mwalimu wa darasa la nne, naye alikuwa na lake. Meza pekee ya nyumba ile ilikaliwa na runinga na mashine ya gemu, na yeye alisahihisha madaftari juu ya mapaja. Hata toleo la nane lilipofika, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni amekumbatia madaftari hamsini na tano.

"Baba watoto, mimi nimechoka," akasema. "Wino unaishia kwenye sketi. Leo tuelewane: huo uzio ukikushinda tena, hiyo mashine inaingia kwenye boksi na meza ni yangu."

Fundi akainuka, akaweka mkono kifuani, akanena: "Ewe mke wangu, na wewe shemeji uliye sakafuni, na wewe mama mkwe wangu mheshimiwa, shuhudieni! Nikishindwa, nitaifunga mashine hii kwa kamba yangu ya kushonea makochi, wala hamtanisikia tena nikimtaja Mlinzi. Lakini nikivuka, meza hii isiguswe hata kwa kitambaa cha vumbi!"

"Kaa chini, baba, utapata kizunguzungu," akasema mama yetu, aliyekuwa mgeni wiki ile na hajawahi kuuliza lolote kuhusu mambo ya kwenye runinga.

Basi vita vikaanza. Fundi akabonyeza kitufe cha juu, Mlinzi akachomoa upanga. Akabonyeza cha kulia, Mlinzi akapiga mluzi, farasi akaja. Akabonyeza viwili kwa pamoja, Mlinzi akabadilisha kofia. Akamrudisha hatua ishirini, akamleta mbio huku akipiga ukelele uliowaamsha majirani waliojilaza, na uzio haukutikisika hata ubao mmoja. Akafungua maelekezo, akakuta jambo moja jipya: katika toleo la nane Mlinzi amefundishwa kukaa.

"Kukaa!" akaunguruma. "Miaka kumi na minane tunaomba kuruka, wanatuletea kukaa! Mimi, fundi wa viti, ndiye wa kufundishwa kukaa?"

Saa tatu zikapita hivyo. Kutoka chumba cha pili tukasikia selotepu ikichanika. Dada alikuwa ameshaanza kulitengeneza boksi. Fundi akamgeuza Mlinzi, mgongo kwenye uzio, akaiweka rimoti chini polepole. Nilimhurumia, nasema kweli. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Huyu kijana amesimama tangu saa saba," mama akasema. "Hakuna wa kumwambia akae?"

"Anakaa, mama, kwa kitufe hiki. Lakini—"

"Lete hapa."

Mama akaishika rimoti kichwa chini. Alipomsukuma Mlinzi mbele, Mlinzi akaenda kinyumenyume, mpaka magoti yake kwa nyuma yakagusa uzio. Mama akabonyeza. Mlinzi akakaa juu ya ubao, akashusha pumzi, akalaza upanga magotini.

"Haya, umepumzika. Inuka sasa, mwanangu." Akabonyeza tena. Naye Mlinzi akazungusha miguu, mmoja, kisha wa pili, akasimama upande wa nyasi.

Fundi akapiga magoti. Akaomba rimoti kwa mikono miwili, akamrudisha Mlinzi kwenye uzio, akampa mgongo, akameza kiburi chake chote cha kuruka, akabonyeza kukaa. Akavuka. Akavuka tena. Akalia bila kujificha, na mimi nikalia kidogo.

Dada alikuwa mlangoni na boksi mkononi. "Haya, umeshinda," akasema. "Meza ni yako." Akalitua boksi, akayakusanya madaftari aliyoyaacha mlangoni. "Mimi nimeiomba miaka tisa, na kila mara unanijibu jibu moja: nimekusikia."

Fundi akatazama madaftari. Akatazama sketi yenye wino. Kisha akachomoa waya, akaikumbatia runinga, akaishusha sakafuni ubavuni pangu, akarudi kuipangusa meza kwa shati lake mwenyewe.

Basi na iandikwe, na wajao wasome: Jumamosi ile, saa kumi na robo alasiri, mwalimu wa darasa la nne aliketi mezani, kwenye kiti kisicho na mto, akaweka alama ya vema ya kwanza bila kuipinda, na kule chini mama yetu alimsogeza mkwewe kwa kiwiko, akamwambia, "Nipe hiyo rimoti, nimkalishe tena."