Kifua Kilichoaga Kabla ya Tumbo

Jumatatu, 6 Mei

Siku kubwa. Mama ametoa uamuzi aliokuwa anauzungusha tangu Pasaka. Tarehe 29 Juni anafikisha miaka themanini, na leo ametuita mimi na dada yangu Pelenatete kutuambia nani atacheza taualuga, ile ngoma yetu Wasamoa ya kufunga sherehe, mchezaji mmoja katikati na macho yote kwake. Hakutaja jina. Alifungua sanduku akatoa siapo ya bibi, nguo ya gome la mti lililopondwa, yenye michoro ya kahawia, kongwe kuliko yeye mwenyewe. Akasema ambaye siapo itamzunguka kifuani, ikakutana na kusimama kwa mshipi wake tu, ndiye atakayecheza. Pini hataki kuziona. Atakayeitoboa siapo ya mama yake atazikwa nayo.

Tukajaribu palepale. Kwa Pelenatete ilikosa kukutana kwa shubiri mbili. Kwangu shubiri moja na kidole. Naongoza.

Hili kwangu si jambo dogo. Baba alipopewa uchifu, miaka thelathini na moja iliyopita, aliyecheza ni Pelenatete. Mimi nilikuwa jikoni nafunua mawe ya moto, nikasikia makofi tu. Mama hajaniona nikicheza hata mara moja, na sasa ana presha ya macho. Daktari wa mjini Apia anasema kufikia Krismasi huenda asione kitu. Kwa hiyo ni tarehe 29, au basi.

Mpango: kukonda. Ila tumbo peke yake. Kifua kibaki kama kilivyo, maana ndicho kitakachoishika siapo.

Jumatano, 8 Mei

Nimeanza. Alfajiri nimetembea na kamati ya wanawake hadi kijiji cha pili na kurudi. Jioni sikugusa taro, yale magimbi yetu. Nimetengeneza kamba ya kupimia, fundo moja la tumbo, fundo moja la kifua. Nimeificha ndani ya Biblia, kwenye Mambo ya Walawi, ambako humu ndani hakuna mtu anayefika.

Sehemu ya pili ya mpango: Pelenatete asikonde. Nimeoka mikate ya tui la nazi, kumi na miwili, nikampelekea. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwangu. Alinishika mikono yote miwili, akasema tangu afiwe na mumewe hakuna mtu aliyemwokea mkate. Machozi yalimlenga. Nilijisikia vibaya sana, mpaka nilipofika mlangoni.

Jumanne, 14 Mei

Kilo mbili zimetoka! Pelenatete amejibu kwa palusami, majani ya taro kwa tui zito, sahani imejaa hadi ukingoni. Eti ananiona nimenyong'onyea, nile nipate nguvu. Ujanja wake nimeushtukia. Nimewapa nguruwe. Jana ilikuwa hivyohivyo, na juzi. Nguruwe wamenawiri.

Jumatano, 22 Mei

Msiba. Nimepima. Fundo la tumbo limesogea kidole kimoja. Fundo la kifua vidole vitatu. Nikapima tena nimekaa. Nikapima nimelala. Nikapima nimevuta pumzi hadi masikio yakaziba. Vidole vitatu. Sidiria yangu ya Jumapili sasa ina nafasi ya kuwekea kitabu cha nyimbo.

Mume wangu Uelese, mtu wa maneno machache, ameuliza kwa heshima zote kama matiti yamesafiri tu au yamehama. Nimemnunia. Amekwenda kuongea na nguruwe.

Alhamisi, 23 Mei

Nimekwenda zahanati kwa nesi Makerita. Nikamwambia namuulizia rafiki yangu. Akanitazama kifuani kwa muda, akasema haya, mwambie rafiki yako hivi. Titi ni tezi na mafuta, na kadiri umri unavyosogea tezi hupungua, mafuta yakazidi. Mtu akikonda, mwili huchota mafuta kila mahali, wala haumuulizi mwenyewe uanzie wapi. Mmoja hukonda uso kwanza, mwingine makalio, mwingine kifua. Ni maumbile. Hakuna ugonjwa hapo, na rafiki yako asijitese.

Nikauliza kama kuna zoezi la kuyarudisha. Akasema pushapu hujenga misuli iliyo chini ya titi, kifua kikakaza na pengine kunyanyuka kidogo. Akaendelea kuwa titi lenyewe halina misuli, kwa hiyo haliongezeki kwa mazoezi, lakini hapo nilikuwa nimeshachukua kofia yangu. Pushapu!

Jumapili, 2 Juni

Nimefika pushapu kumi na tano. Tatizo ni Jumapili, siku ambayo kijiji kizima kimekatazwa kufanya kazi, na sijui kama pushapu ni kazi. Baada ya ibada nilijificha nyuma ya tangi la maji la kanisa nikaanza. Nilipofika ya tisa nikaona viatu vyeupe mbele ya pua yangu. Mke wa mchungaji. Sikuwa na la kufanya ila kubaki chini, kifudifudi, na kusema amina.

Alipiga magoti kando yangu. Akasema hajaona unyenyekevu wa namna hiyo tangu aje kijijini kwetu. Kuanzia Ijumaa naongoza maombi ya wanawake, saa kumi na moja alfajiri, magoti chini, saa nzima. Pelenatete amesema yeye siku zote alijua mdogo wake ana kitu cha kiroho ndani yake. Hakucheka. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 12 Juni

Kilo nane. Mikono yangu imekuwa ya mtu anayebeba magunia bandarini. Kifua kimekaza kama nesi alivyosema, kigumu kama ubao wa kukunia nazi, na bapa kama huo ubao.

Mama alipokuwa amelala nilitoa siapo sandukuni. Ikanizunguka. Ikakutana! Ikapitiliza shubiri nzima! Nikafunga mshipi, nikainua mikono juu kama wachezaji, na siapo ikaenda moja kwa moja hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama akaamka, akauliza nini kimeanguka. Nikasema mkeka.

Sasa kazi ipo. Pelenatete haimfikii, mimi hainishiki. Na Mama amesema kama hakuna anayefaa, siapo itakunjwa na sherehe itafungwa kwa sala.

Alhamisi, 20 Juni

Mbinu mpya: sufi. Nimechana mto wa Uelese, nikajaza vifuko viwili, nikavifunga chini ya nguo. Kwenye kioo nilikuwa na kifua cha miaka ishirini na mitano. Sikumwambia mtu.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, kamati nzima ya wanawake imekaa, mke wa mchungaji mbele. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Mzunguko wa pili, titi la kulia likahamia kwapani. Wa tatu likafika mgongoni. Mke wa mchungaji aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama uvimbe huo nimemwonyesha nesi.

Pelenatete alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akawaambia wanawake wasinikodolee macho, mazoezi ni mazoezi. Akanitoa nje, akanichomoa sufi mgongoni, akaniokotea mbegu zake moja moja kwenye nywele. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Akasema, "Fuatino, mdogo wangu, utakonda mpaka uishe." Ninamchunguza. Mtu hawi mwema hivi bila sababu.

Ijumaa, 28 Juni

Leo Mama alitaka kuhakiki. Macho yake sasa yanaona kitu kikiwa karibu tu, kwa hiyo alihakiki kwa mikono. Nilisimama wima, viwiko nimevibana mbavuni, pumzi nimeishikilia. Siapo ikasimama. Mama akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akavuta mshipi. Akasema inakutana. Akasema nimekonda sana na kwamba baba yangu asingependa, lakini nitacheza mimi.

Nitacheza mimi! Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Nikafuta uso haraka kwa sababu Pelenatete alikuwa anakuja na chupa ya mafuta ya nazi. Kesho atanipaka mwenyewe, mchezaji lazima ang'ae.

Jambo la kesho: kucheza bila kunyanyua viwiko. Nimejaribu mbele ya kioo. Naonekana kama kuku aliyenyeshewa.

Jumapili, 30 Juni

Jana. Niandike taratibu.

Pelenatete alinipaka mafuta tangu shingoni hadi miguuni. Niling'aa. Nikaingia katikati ya watu mia mbili, waimbaji wakaanza, na kiti cha Mama kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa ili aone. Hatua ya kwanza nikajua nimekwisha. Siapo juu ya mafuta, na chini ya mafuta hakuna kitu cha kuizuia. Ilishuka kidogo. Nikabana viwiko. Ikashuka tena. Nilimwona Mama amenyoosha shingo, amekunja macho, ananitafuta. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mbona hafungui mikono.

Kwetu mchezaji hachezi peke yake. Ndugu zake huingia nyuma wakafanya vituko, wakajigaragaza, wakajifanya wajinga, ili yeye wa katikati apendeze zaidi. Pelenatete akaingia. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na minne, ametoa ulimi, anatikisa tumbo, anapiga kelele za kasuku. Watu wakaangua vicheko. Akafika nyuma yangu, na nikahisi mikono yake miwili imeikamata siapo mgongoni, ngumi zimebana gome na mshipi kwa pamoja.

Akaninong'oneza sikioni, "Cheza. Nimeshika."

Nikafungua mikono. Nilipogeuka, akageuka nami. Nilipochuchumaa, akachuchumaa, na magoti yake hayafai, yanavimba kila msimu wa mvua. Watu walidhani ni kituko cha aina mpya, wakacheka hadi wengine wakalala. Ngoma nzima hakuiachia. Nilikwenda hadi mbele ya kiti cha Mama, karibu kabisa, nikacheza pale kwa vidole tu, polepole. Mama alicheka machozi yakimtiririka. Akanishika kidole kimoja hewani akasema vidole vyangu vinapinda kama vya mama yake, na kwamba miaka yote hii hakujua.

Miaka yote hii hakujua. Nimeandika mara mbili kwa makusudi.

Baadaye jikoni nilimuuliza Pelenatete alijuaje kuwa siapo hainishiki. Akasema mipango yangu yote alikuwa anaijua tangu mkate wa kwanza. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa. Bahati mbaya akapita mtu akamsifu kuwa ndiye aliyeipamba ngoma, na yeye akacheka, na radhi yenyewe ikarudi tumboni. Nampenda sana dada yangu. Lakini tuseme ukweli, watu walimwangalia yeye.

Jumatano, 3 Julai

Nimetafakari siku tatu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilianzia upande usio sahihi. Kukonda tumbo tu haiwezekani, hilo nesi amelithibitisha. Lakini hakusema neno lolote kuhusu kunenepa kifua tu.

Oktoba tunafungua ukumbi mpya wa kwaya. Kutakuwa na taualuga. Mama bado atakuwa anaona. Safari hii nitacheza nikiwa peke yangu, bila kushikwa na mtu. Mbinu ni rahisi, nashangaa hakuna aliyeifikiria: kula nimelala chali, miguu imeegemea nguzo juu, ili chakula kisipate njia ya kushuka tumboni. Kitakwama kifuani chenyewe. Nimemweleza Uelese. Amenisikiliza hadi mwisho, akasema kwa nia njema anaombea ifaulu.

Nimeanza mchana huu kwa bakuli la wali wa koko, ule unaopikwa kwa kakao. Ni vigumu kumeza, lakini hiyo ni dalili kwamba unabaki juu. Nilikuwa nusu ya bakuli Pelenatete alipoingia. Alinitazama, akaitazama miguu yangu kwenye nguzo, akalala chali kando yangu, akapandisha ya kwake kwa taabu kwa ajili ya yale magoti, akachukua kijiko.

Nimemsogezea mto. Mtu hana haya hata kidogo, tayari ameniibia mbinu.