Mteja Mwema Aingia Meza Kuu

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimethibitisha. Kuna njama.

Nilikuwa mezani pangu karakanani, nakata kitambaa cha makochi ya hoteli, mara simu zote zikalia kwa pamoja. Zote, isipokuwa yangu. Wenzangu wakachungulia, wakacheka. Mshonaji alicheka mpaka akaachia pedali ya cherehani. Na mimi nikacheka, nisionekane mjinga. Sikujua nacheka nini.

Baadaye nikamuuliza mshonaji, kijuujuu tu, kana kwamba sina haja. Akasema ni mambo ya Meza Kuu. Meza Kuu! Kumbe kwenye ile programu ya gumzo aliyotuwekea bosi kuna chaneli mpya, na karakana nzima imo. Mimi naiona chaneli moja tu, ya Matangazo, yenye tangazo moja tu, la kusafisha choo.

Nikaitafuta. Ikaandika: Huna ruhusa ya kuingia. Nikazima simu, nikaiwasha. Huna ruhusa. Nikatoka nje, nikainyanyua juu, maana mtandao wetu hupenda kukaa upande wa geti. Huna ruhusa, na safari hii ilijibu haraka zaidi.

Haya, tufikiri. Msimamizi wetu anastaafu. Anatafutwa mwingine. Anayestahili ni mimi, hilo halina ubishi. Nani mwingine anaitaka nafasi hiyo? Sponji, fundi wa makochi, anayecheka na kila mtu. Mtu anayecheka na kila mtu ana lake jambo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Ubaya ni kwamba nyumbani nimeshasema cheo nimepata. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa goti, ameshawapigia simu ndugu zake wote. Nikikosa, nitaficha wapi uso wangu?

Jumanne, 7 Oktoba

Mke wangu amesema nimuulize tu fundi wa kompyuta, kwani si ndiyo kazi yake? Maskini, hajui siasa za kazini. Fundi wa kompyuta hula chakula cha mchana benchi moja na Sponji. Nimwendee kwa miguu yangu, nimwambie nimeshashtuka? Thubutu!

Nimepata njia nyingine. Nitafungua akaunti mpya, niingie kama mtu baki. Inataka namba ya simu isiyojulikana kazini. Na bahati haiji mara mbili: jioni mama mkwe akanipa simu yake nimwongezee sauti. Nikaiongeza. Kabla ya hapo nikaiazima namba yake kidogo. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia mkononi mwangu, nikauthibitisha, nikaufuta. Neno la siri nimeliweka gumu, asiweze kulikisia binadamu yeyote.

Jina: Mteja Mwema. Picha: ua. Nikaomba kuingia Meza Kuu, nikaandika kwamba nayapenda sana makochi yao.

Nimekubaliwa kabla ya chakula cha jioni! Aliyenipokea ni Sponji mwenyewe, kwa maneno matamu. Karibu sana mteja wetu, jisikie nyumbani. Mbona haraka hivyo? Anamkaribishaje mtu asiyemjua? Ana anachouza pembeni huyu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeshinda ndani ya Meza Kuu, simu nimeificha chini ya kitambaa. Mgeni haoni ya nyuma, anaona yale tu yanayoandikwa baada ya kuingia. Na wameandika nini? Uzi mweupe umekwisha. Nani amechukua mkasi wa mshonaji. Mkasi upo, ulikuwa chini ya kochi.

Kuhusu mimi, kimya. Hata jina langu halikutajwa. Watu wasio na la kuficha wangenitaja japo mara moja.

Nikaona niwachokoze. Mteja Mwema akauliza, kwa adabu kabisa, kama ni kweli Sponji anataka usimamizi, na kama anafaa mtu anayesemekana kupunguza sponji kwenye makochi ya watu.

Karakana nzima ikainua vichwa. Kisha fundi wa kompyuta akauliza mteja amejuaje kwamba nafasi ya usimamizi iko wazi. Hapo nilijikwaa. Nikajibu kwamba mji una masikio.

Wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Mpaka muda wa kufunga kazi, Meza Kuu imebaki na mtu mmoja, naye ni Mteja Mwema. Nimehangaika siku mbili kuingia kwenye chumba, na nilipoingia wenyewe wamehamia kwingine!

Alhamisi, 9 Oktoba

Bosi ameniita ofisini. Akafunga mlango. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kupanga namna ya kumlaumu Sponji.

Akaniambia kuna jasusi amejipenyeza kwenye chaneli ya kazi, na anamchafulia fundi wake jina. Nikasema dunia imeharibika.

"Wewe humwamini mtu yeyote," bosi akasema. "Ndiyo maana kazi hii nakupa wewe. Niletee huyo Mteja Mwema kesho, na meza ya msimamizi ni yako."

Sikujua nicheke au nilie. Kwanza nikafurahi, maana hakuna mpelelezi anayemjua mhalifu wake vizuri kama mimi. Furaha ikakatika nilipofika mlangoni. Nikimleta, nimejileta. Nisipomleta, cheo hakipo.

Nikabuni la tatu: niifunge akaunti, kesho niripoti kwamba jasusi ameniogopa akakimbia. Programu ikataka neno la siri. Nilikuwa nimelisahau. Mwenyewe! Nikajaribu tarehe zote za kuzaliwa, pamoja na ya bosi. Ikaniambia inatuma namba ya uthibitisho kwenye simu niliyojisajilia.

Nikakimbia nyumbani. Mama mkwe alikuwa kitandani na simu yake kifuani. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikaulizia goti, nikaomba namba iliyoingia sasa hivi.

"Hapa wameandika nisimpe mtu yeyote," akasema. "Na wewe, baba, ni mtu."

Nikamwambia mimi ni mkwewe. Akasema walioandika hawakubagua. Nikamwendea mke wangu aniombee, nikamwambia cheo changu kinategemea namba hiyo. Akaacha kukunja nguo, akanitazama. Akauliza cheo kipi, kile nilichokwisha kupata wiki iliyopita? Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulala na njaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika haraka kabla aibu haijapoa.

Bosi alitukusanya wote karakanani. Nikatoa ripoti yangu nimesimama. Nikasema jasusi ni mtaalamu, huenda ni kundi zima, ila nimemtikisa na hatarudi. Sponji akapiga makofi. Nilimtilia shaka papo hapo.

Fundi wa kompyuta akanyoosha mkono. Akasema jasusi bado yumo, na kwamba mwangalizi wa programu huona namba ya simu ya kila akaunti. Hili sikuambiwa! Akamsomea bosi namba. Bosi akaipiga, akaweka sauti ya wazi, akajitambulisha kwamba anapiga kutoka karakana ya makochi.

"Ah, nyumbani huko!" Sauti ikajaa chumba kizima. "Mimi ni mama mkwe wa msimamizi wenu."

Bosi akauliza msimamizi yupi.

"Si huyo mkata vitambaa. Mwambieni zile namba bado zinaingia, na mimi sitoi."

Macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Ndipo fundi wa kompyuta akaeleza, kwa upole unaoudhi, kwa nini sikuwemo Meza Kuu. Alinitumia mwaliko. Nikaukataa. Akatuma tena, nikamwandikia kwamba matapeli wote mwisho wao ni jela. Akatuma mara ya mwisho, nikamfungia asinifikie. Nakumbuka. Uliandikwa bonyeza hapa. Mwenye akili zake anabonyeza hapa?

Na kicheko cha Jumatatu? Bosi alikuwa ameuliza karakana inamtaka nani awe msimamizi. Wote waliandika mimi. Sponji ndiye aliyeanza, akaongeza kwamba kikipotea hata kifungo nitalala mlangoni mpaka kipatikane. Ndicho walichokicheka.

Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma hadi nikakaa juu ya kochi la hoteli, jambo lisiloruhusiwa.

Bosi akampa Sponji meza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maajabu. Sponji amemwomba bosi niwe naibu wake, kwa sababu anasema macho yangu yanahitajika. Bosi amekubali. Nimeingizwa Meza Kuu rasmi, na tangazo limewekwa humo: nijibu ndiyo kabla ya chakula cha mchana, basi nafasi ni yangu. Mke wangu, nilipompigia, alishukuru kwa sauti. Mama mkwe ataepuka aibu kwa ndugu zake.

Pongezi zikamiminika. Mshonaji, fundi wa kompyuta, fundi wa rangi, hata dereva wa gari la mizigo. Nikazipitia moja moja kabla ya kujibu, maana mtu makini husoma kwanza.

Mlinzi wa getini hakunipongeza.

Kwa nini? Nimemkosea nini? Nikamuuliza dereva, akasema mlinzi hana simu. Kisingizio kizuri! Siku hizi nani hana simu? Nikashuka getini. Nikamhoji taratibu, toka mbali, habari za watoto, habari za mvua, mpaka mifukoni mwake. Alijibu kila nilichouliza, tena kwa kirefu, na akanitolea kiti. Nilipokagua kibanda chake nikakuta redio na mwavuli.

Niliporudi juu watu walikuwa wameshakula. Meza Kuu ilikuwa na tangazo jipya: kwa kuwa sikujibu, naibu ni mshonaji.

Sasa picha imekamilika. Yule mlinzi alijibu kwa kirefu makusudi ili anicheleweshe. Kesho naanza na mwavuli.